Afisa Mkuu wa Teknolojia au Mkuu wa TEHAMA?

Kampuni changa ya Ngamiani, jijini Tanga, inayotengeneza programu ya kufuatilia malori ya mkonge, ikipata fedha za kuajiri kiongozi mmoja tu wa mambo ya teknolojia, hulazimika kuchagua kati ya vyeo viwili ambavyo wengi huvichanganya.

Mkuu wa TEHAMA hutazama ndani: kompyuta za wafanyakazi, mtandao wa ofisi, nywila na nakala rudufu. Umeme ukikatika na seva ikazimika, yeye ndiye anayepigiwa simu.

Afisa mkuu wa teknolojia huibeba bidhaa yenyewe anayouziwa mteja. Watu hudhani kwamba hushinda akiandika programu. Katika kampuni ya watu watano huwa hivyo kweli, lakini timu ikikua, muda wake mwingi huliwa na usaili wa wahandisi, bajeti, na uamuzi wa kununua mfumo uliokwisha kutengenezwa au kujenga wao wenyewe. Ni yeye anayemweleza mkurugenzi, kwa lugha isiyo na istilahi, kwamba kazi itachelewa wiki tatu kwa sababu simu ya dereva hupoteza mtandao njiani, hivyo taarifa sharti zihifadhiwe humo kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo humhusu, kwani programu hiyo hurekodi mahali dereva alipo.

Kampuni hiyo ningeishauri imchukue afisa mkuu wa teknolojia, maana kompyuta sita zaweza kutunzwa na fundi wa mkataba. Kwa shule isiyouza programu yoyote, cheo hicho, ambacho nakiri kinapendeza kukisikia, ni gharama ya bure.