Chama cha utando wa bakteria au chama kikubwa cha mikrobiolojia?

Anayechunguza utando wa bakteria, yaani ute wao unaoganda kwenye mashua pale Mkomani, Mombasa, au ndani ya matangi ya maji Kisauni, ajiunge wapi? Chama kikubwa kama American Society for Microbiology, cha tangu 1899, kina majarida, ada nafuu kwa wanafunzi na jina zito kwenye wasifu. Ila humo utando ni mada moja kati ya nyingi. Chama kidogo cha utando pekee kinashinda hapo: ukiuliza kwa nini klorini huua bakteria wanaoelea huku waliojificha ndani ya ute wakiponea, utajibiwa na mtu anayeshinda maabara na swali hilohilo. Lakini huendeshwa na wachache wanaojitolea, wakichoka, kinalala. Unatafuta ufadhili? Kikubwa. Umekwama kwenye jaribio? Kidogo. Nauli ya mikutano, ukitokea Mombasa, ni ghali kokote.