Khan Academy kwa anayerudia hesabu ya form four, nilivyoiona mimi

Naandika kwa wenye mdogo au mtoto anayerudia mtihani wa form four kama PC, yaani private candidate, mtahiniwa wa kujitegemea asiye shuleni, najua ilivyo, kengele hamna, mwalimu wa zamu hamna, mtu anaamka saa anayotaka na daftari lipo tu mezani. Mdogo wangu hesabu ndo ilikuwa inamsumbua, tukaanza na Khan Academy, app ya kujisomea yenye video na mazoezi, kwenye simu. Ni bure kabisa na haina matangazo, maana ni shirika lisilotafuta faida, Sal Khan aliianzisha 2008 baada ya kuwa anamfundisha binamu yake hesabu kwa mbali.

Wengi wanasifia video ila kwangu video sio ishu, mtu anaweza kuangalia hata kumi mfululizo akajiona ameelewa kumbe kalamu hajashika. Utamu uko kwenye mazoezi. Ukikwama kuna sehemu ya kuomba msaada, inakuonyesha hatua kwa hatua, lakini ukishaigusa tu lile swali linahesabika umekosa, hata ukiandika jibu sahihi baadae. Hapo ndo iliponishika. Msaada upo kiganjani na ni yeye mwenyewe anaamua auchukue au avumilie, nimemuona kakaa na swali moja la milinganyo mpaka chai imepoa, anafuta anaanza tena, hamna mtu wa kumsukuma. Halafu ngazi uliyopanda kwenye mada fulani sio yako moja kwa moja, ukija kukosa mada hiyo kwenye jaribio la mwisho wa sura inashuka. Siku ya kwanza kushuka alinuna akasema anaonewa, nikanyamaza, kesho yake akairudia mwenyewe.

Tuition moja aliyokuwa anaenda kabla, sitaitaja, mwalimu anakokotoa kila kitu ubaoni wao wananakili, daftari limejaa, mzazi anaridhika, swali likigeuzwa kidogo tu mtoto hana pa kuanzia. Huku Khan Academy maendeleo yanaonekana mada kwa mada, kwa hiyo Jumapili nilikuwa namuachia yeye anionyeshe amefika wapi, wapi pagumu na wiki inayokuja anafanya nini. Ratiba anapanga yeye mimi nasikiliza tu, na hili nawaomba sana wazazi, ukimpangia wewe siku umesafiri na kusoma kumeisha.

Mapungufu yapo. Mtaala ni wa Marekani, kwa hiyo dola na futi utakutana nazo sana, na ile mada ya latitudo na longitudo hutaikuta vile NECTA, baraza la mitihani, wanavyouliza, hapo lazima past papers na vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vyote vinapatikana mtandaoni. Lugha ni Kiingereza. Video unaweza kudownload kwenye app ukaangalia baadae, ila mazoezi yanataka bando, na mazoezi ndo yenyewe.

Ukimuanzishia usimpeleke moja kwa moja kwenye aljebra kisa yuko form four. Mrudishe kwenye sehemu, desimali na namba hasi hata kama zimeandikwa za madarasa ya chini, kuna jaribio la kozi nzima lenye maswali 30, afanye peke yake bila kikokotoo pembeni, mtajua pa kuanzia. Nyota nne kati ya tano, ya tano nitaitoa siku mazoezi yatafanya kazi bila bando.