Geji ya Busti: Acha Kutazama Rangi, Kagua Mpira

Geji yangu ya kwanza ya busti, yaani ya kupima presha ya hewa ambayo turbo inaisukuma ndani ya injini, niliichagua kama mtu anayechagua kitambaa cha pazia. Ilikuwa na rangi saba za kuwaka, sindano nyekundu na king'ora kidogo cha kulia busti ikizidi. Miezi mitano baadaye injini ikaanza kutetema kila ninaposimama, taa ya injini ikawaka, na mashine ya kusomea ikatoa kodi P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Fundi akabadilisha plagi. Akasafisha throto. Akaanza kuzitazama koili moja moja kwa jicho la mashaka. Mwishowe mimi mwenyewe ndiye niliyesikia mlio mwembamba, sss, ukitoka nyuma ya injini. Kipande cha mpira, yaani kibomba laini cha kupitisha hewa, kilichokuja na geji kilikuwa kimekauka kwa joto na kupasuka pale kinapoingia kwenye kiungo cha T. Fundi alikivuta kwa vidole viwili, akanitazama.

"Dada, hiki ndicho kilichotuhangaisha wiki mbili?"

Ndicho. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza geji ipi nzuri, mimi huanza kwa kumuuliza mpira wake ni wa aina gani, utapita wapi na utabanwa na nini. Ukubwa, mwanga na umbo la namba utajionea mwenyewe kwenye picha. Nyingi ni za milimita 52 au 60, na kikombe cha kuzikalisha juu ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo hakikosekani. Kwa mambo hayo sina la kuongeza.

Kwa nini naushikilia mpira

Geji haiwezi kujua presha bila kuonjeshwa hewa ya manifoldi, yaani bomba linalogawia silinda hewa. Kwa hiyo mpira mmoja wa kiwandani hukatwa, kiungo cha T kikachomekwa katikati, na tawi lake likapelekwa kwenye geji au kwenye sensa. Hapo umeongeza angalau sehemu tatu za kuvuja mahali ambapo kiwanda hakikuweka hata moja.

Kwenye gari linalopima hewa kule mwanzo, karibu na chujio, mpasuko wa baada ya throto una madhara ya pande mbili. Injini ikiwa imetulia, inavuta hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Ukikanyaga na turbo ikaanza kusukuma, hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatoroka kwa tundu lile lile. Kwanza mafuta yanapungua, kisha yanazidi, na wewe unanunua plagi.

Huo ni ugonjwa mwepesi. Mafundi wengi hupenda kuchomeka T kwenye mpira wa regyuleta ya petroli, kwa kuwa uko karibu na una presha halisi ya manifoldi. Kwa kipimo, hapo ni mahali sahihi kabisa. Lakini regyuleta hiyo ndiyo inayopandisha presha ya petroli kadiri busti inavyopanda. Chukua mfumo wa bar 3 (bar 1 ni kPa 100, au kama psi 14.5). Turbo ikisukuma bar 1, reli ya petroli, bomba linalozilisha nozeli, inatakiwa ifike bar 4, ili nozeli ziendelee kusukumwa na tofauti ya bar 3. T ikichomoka, reli inabaki na bar 3 zake, tofauti inashuka hadi 2, na petroli inayopita inapungua kwa takriban asilimia 18, wakati ule ule injini inapoihitaji kupita kiasi. Pistoni zimetobolewa kwa makosa madogo kuliko hayo. Yaani geji uliyoileta imlinde mgonjwa ndiyo inayomnyonga.

Ukihamia kwenye mpira wa westigeti, kilango kinachofunguka ili busti isizidi, ugonjwa unabadilika sura. T ikivuja, westigeti inaonja presha ndogo kuliko iliyopo, inachelewa kufunguka, na turbo inazidisha. Tena mpira huo kwa kawaida unatoka upande wa kompresa, ule wa turbo unaosukuma hewa, kabla ya throto, kwa hiyo hutaona vakyumu, yaani presha iliyo chini ya hewa ya kawaida, hata siku moja. Mpira wa busta ya breki usiuguse. Breki ni breki.

Ya kwanza kwenye orodha yangu: Defi

Naisema wazi, naipenda Defi, na hakuna aliyenilipa. Inatengenezwa na Nippon Seiki wa Japani, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuvitengenezea viwanda vya magari na pikipiki mita za dashibodi zao. Ukiiangalia sindano inavyopanda na kushuka bila kutetemeka, unajua waliotengeneza wamefanya kazi hii zamani.

Sensa inakaa chumba cha injini, na kinachoingia ndani ya gari ni waya peke yake. Kwa hiyo mpira unaweza kuwa mfupi kama kiganja, ukae mbali na manifoldi ya egzosti, na uwe mahali ambapo mkono unafika. Toleo la kPa 200 linaanzia -100, kwa hiyo linakuonyesha vakyumu na busti, na linatosha gari la petroli la kawaida hata likiongezwa nguvu kidogo.

Kasoro yake ni vipuri. Sensa ikifa, bei ya sensa peke yake inakufanya ukae chini kwanza. Na kwa kuwa jina limejulikana, feki zake zimejaa. Muuzaji akikuonyesha uso wa geji tu, akawa mzito kukufungulia boksi uione sensa, soketi za waya na mpira, mwage.

Ya pili: AEM X-Series

Kwa hoja zangu mwenyewe, hii ilipaswa kuwa ya kwanza, najua. Sensa yake ina uzi wa 1/8 NPT, kipimo cha Kimarekani cha nyuzi za mabomba, na kama manifoldi yako ina tundu lililozibwa la uzi huo, unaifunga moja kwa moja na kusahau habari za mpira. Hakuna T wala klipu. Namba iko katikati, taa zinazunguka pembeni, na psi 35 za toleo la kawaida ni nyingi kuliko gari lako litakavyoziona.

Naiweka ya pili kwa sababu mimi ni mtu wa sindano. Kwa kona ya jicho, sindano inasomeka bila kusomwa. Namba inataka uitazame, na ukiitazama hutazami barabara. Mwenye macho tofauti na yangu azibadilishe nafasi, sitamgombeza.

Kwa geji yoyote ya sensa, fanya jaribio moja kabla hujalipa, au siku ya kufunga: washa swichi bila kuwasha injini. Lazima isome sifuri. Sensa nyingi za aina hii hupima presha yote, pamoja na ile ya hewa ya kawaida, ambayo usawa wa bahari ni kama kPa 101. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 inakuwa kama kPa 83. Geji isiyojirekebisha itaanza siku na deni la karibu kPa 18, na utadhani turbo yako imechoka kumbe imechoka hesabu.

Ya tatu: ya soketi ya OBD2

Wapenda magari watanicheka, wacheke. Kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2, ile ambayo fundi huchomeka mashine ya kusomea kodi, hakikati mpira wowote. Kinaiuliza kompyuta ya gari presha ya manifoldi, kinaondoa humo presha ya hewa ya kawaida, kinakupa busti. Kwa gari ambalo halijaguswa, linalotumika kwenda kazini na kurudi, hiki ni salama kuliko kazi ya haraka ya fundi mwenye T ya plastiki mfukoni.

Lakini jua mipaka yake. Kipimo cha kawaida cha presha ya manifoldi kwenye OBD2 kinabebwa na baiti moja, kwa hiyo hakiwezi kusema zaidi ya kPa 255. Ukitoa hewa ya usawa wa bahari, unabaki na kama bar 1.5 za busti. Ukipita hapo, kinaganda. Muuzaji hatakuambia hili, ila ataziweka bar 3 kwenye picha ya boksi. Kwenye magari ya zamani majibu nayo yanakuja kwa kuchelewa: turbo imeshasukuma na kuachia, kifaa ndiyo kwanza kinapanda. Na kama gari lako halina sensa ya presha ya manifoldi, usikinunue.

Ya nne: ya mekanika

Ndani mna bomba la Bourdon, bomba bapa lililopindwa ambalo hunyooka kidogo presha ikiingia, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Haina kompyuta ya kudanganya na haichelewi. Auto Meter ya Marekani inazitengeneza vizuri, na kama moyo wako uko kwenye mekanika, chukua hiyo.

Ila mpira wake unatoka injini, unatoboa ukuta unaotenga injini na abiria, unapita chini ya dashibodi hadi mbele ya uso wako. Mita nzima na zaidi ya mpira, na ndani yake mna hewa ya manifoldi ambayo kwenye injini za petroli inaweza kubeba mvuke wa mafuta. Ukipasukia ndani ya gari utajua kwa pua. Wanaoifunga wahakikishe tundu la ukutani lina raba, maana ukingo wa bati unakata mpira taratibu kama panya.

Za bei ya chini

Rangi saba. Nimeshaeleza. Ukilazimika, nunua geji, utupe mpira na T yake siku hiyo hiyo.

Wenye dizeli hesabu yao ni nyingine. Dizeli nyingi hazina vakyumu ya maana injini ikitulia, kwa hiyo sehemu ya vakyumu kwenye uso wa geji ya petroli ni mapambo kwenu. Tafuteni inayoanzia sifuri na kufika juu, psi 60 kwa wanaovuta mizigo.

Niseme kidogo kuhusu wauzaji

Wanaandika "seti kamili". Ukifungua boksi unakuta geji, waya mwembamba usio na fyuzi, mpira wa plastiki kama wa kumnywesha mgonjwa, T nyepesi, na klipu sifuri. Ukiuliza klipu ziko wapi, unaambiwa ubane kwa waya. Ukirudi baada ya mpira kupasuka, wanasema dhamana ni ya geji, mpira ni "kifaa cha kufungia". Wanaokuuzia kwa picha ndio wamezidi: picha kumi za taa za usiku, hakuna hata moja ya kilicho nyuma ya geji. Na bei inapanda kwa rangi! Rangi tatu bei hii, rangi saba bei ile, mpira ule ule.

Kwa hiyo nunua vyako pembeni. Mpira wa vakyumu wa kuhimili joto, wenye ukuta mnene, kipenyo cha ndani kilingane na sensa, milimita 4 kwa nyingi. T ya shaba au alumini. Klipu za springi kila ncha, bila kuruka hata moja. Usibane kwa klampu kubwa za skrubu, zinakata mpira mwembamba.

Geji ikishafungwa, kwenye petroli injini ikiwa ya moto na imetulia utegemee kama kPa 60 hadi 70 chini ya sifuri. Andika namba yako mahali. Baada ya wiki moja fungua boneti injini ikiwa baridi, shika kila ncha ya mpira uizungushe kwa vidole. Inayozunguka kirahisi, badilisha klipu yake siku hiyo hiyo.