Printa ya Epson LX-350 na programu ya ankara ya enzi za DOS: uzoefu wangu

Duka letu la vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bado linaandika ankara kwa programu ya DOS (mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows) iliyonunuliwa mwaka 1994, na mimi ninayeshika hesabu sijaona sababu ya kuiacha, kwa kuwa haijawahi kupoteza deni la mteja hata mmoja. Shida ilianza printa ya zamani ilipokufa.

Tulinunua kwanza printa ya leza ya bei nafuu, na muuzaji akaapa kwamba inakubali kompyuta yoyote. Barua za Windows ilizichapa vizuri sana. Ankara zetu hazikutoka. Taa ilimweka mara mbili, kisha kimya. Baadaye nilielewa kwamba printa za namna hiyo hungoja Windows izichoree ukurasa mzima, ilhali programu ya DOS hupeleka herufi tupu pamoja na misimbo ya ESC/P, yaani amri za printa za Epson, moja kwa moja kwenye LPT1, soketi ya zamani ya printa; hiyo ni lugha ambayo printa ile haikufundishwa.

LX-350, tuliyoigeukia baada ya hapo, inaijua lugha hiyo. Ni printa ya pini 9 inayogonga utepe wa wino, nayo ina soketi ya USB pamoja na ile pana ya zamani. Kompyuta yetu ina USB pekee, na inatumia Windows 10 ya biti 32, maana ya biti 64 haifungui kabisa programu za biti 16. Nilimruhusu kila mtumiaji wa mtandao wa duka kuitumia printa kwa jina LX350, kisha nikaandika amri hii (DUKA ni jina la kompyuta yetu):

NET USE LPT1: \\DUKA\LX350 /PERSISTENT:YES

Tangu hapo programu hudhani inazungumza na soketi yake ya zamani. Jaribio lililonitia wasiwasi lilikuwa orodha ya bidhaa, yenye herufi 132 kwa mstari. Programu hutanguliza msimbo namba 15, unaoiamuru printa ibane herufi hadi takriban 17 kwa inchi, na mstari mzima ukaingia kwenye karatasi, kuanzia namba ya kipuri hadi bei, bila kukatika. Ankara ya nakala tatu nayo hutoka kwa mpigo mmoja, jambo ambalo leza haiwezi.

Kasoro zipo. Windows hukaa kama sekunde 15 kabla ya kuachilia ankara ikiwa programu haijafunga LPT1 yenyewe, na mteja mwenye haraka huanza kuigongagonga kaunta. Tena, waya wa mtandao ukichomoka, amri ile hushindwa ingawa printa iko mezani pale pale. Jambo hilo lilinigharimu asubuhi nzima. Kelele ya printa ni kubwa, kwa hiyo simu ikilia katikati ya orodha ndefu mimi hutoka nje kuipokea.