Vumbi la makumbi "lililooshwa": nyota ngapi, hata mimi sijui

Kwa anayetaka jibu la haraka: vumbi la makumbi ya nazi ni kitu kizuri sana cha kupandia nyanya bila udongo, na duka lililoniuzia mimi silipendekezi hata kwa adui yangu. Kauli hizi mbili hazigongani, ingawa kila nikikumbuka yaliyonipata, ya pili huimeza ya kwanza.

Ninalima nyanya na pilipili hoho kwenye ndoo nyuma ya nyumba, hapa Dar es Salaam. Nilishafikiria pumisi, lile jiwe jepesi la volkano ambalo wakulima wa waridi kule Naivasha hulitumia, lakini gharama ya kulisafirisha hadi huku ilinikatisha tamaa. Pumba za mpunga zilizounguzwa ni za bei poa, ila nilizozipata zilikuwa na alkali nyingi na kila siku nilikuwa nikihangaika kuirekebisha. Basi nikachagua makumbi. Sifa zake zote zimeandikwa kwenye pakiti na sizirudii hapa. Kilichonivuta ni neno moja tu lililoandikwa juu kwa herufi kubwa, kwamba limeoshwa, yaani limetolewa chumvi, na kwa neno hilo nililipa zaidi ya bei ya lile la kawaida.

Haukupita muda mrefu baada ya kuhamishia miche, kingo za majani zikaanza kuungua na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Nikachukua vumbi ambalo lilikuwa bado halijatumika, nikaliloweka kwenye maji ya mvua, nikalikamua na kupima yale maji kwa kipimo cha EC, ambacho huonyesha wingi wa chumvi. Kikasoma zaidi ya 3, kabla sijaweka hata chembe ya mbolea! Vumbi lililooshwa sawasawa hutarajiwa kusoma chini ya 1, na maji ya mbolea yenyewe ya nyanya kwa kawaida huwa kati ya 2 na 3.5, kwa hiyo mizizi ya miche michanga ilikuwa ikibebeshwa mizigo miwili kwa pamoja.

Nilirudi dukani nikiwa na jagi la maji hayo, kipimo changu na majani yaliyoungua. Kijana wa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Mama, umezidisha mbolea," akasema. Nikamweleza kwamba vumbi lililopimwa halijawahi kuona mbolea, nikamwomba apime mwenyewe. Hapo ndipo alipocheka na kuniambia, mbele ya wateja, maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Nazi inaota juu ya mti, mama, chumvi imetoka wapi? Kilimo hiki si cha kila mtu."

Mimi, mtoto wa Makunduchi, ndiye wa kuulizwa chumvi ya makumbi imetoka wapi! Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja hufukia makumbi kwenye tope la bahari, yakakaa huko miezi mingi, kisha huyafukua na kuyaponda ili wapate usumba wa kusokotea kamba. Hata kumbi ambalo halikuloweshwa baharini lina potasiamu na kloridi yake ya asili, seuze la mnazi uliokunywa maji ya ufukweni maisha yake yote. Mtu anayeuza bidhaa hii na hajui hilo, anauza nini hasa?

Hata hivyo sina budi kusema kweli juu ya bidhaa yenyewe. Nililiosha upya kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima chetu nayo yana chumvi, nikaliloweka usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, mbolea ya kalsiamu inayoyeyuka, kisha nikalisuuza tena. Hatua hiyo ya kalsiamu si ya mapambo. Sodiamu na potasiamu hung'ang'ania kwenye chembe za vumbi, na kalsiamu ndiyo inayoziondoa; usipofanya hivyo, vumbi litainyang'anya mimea kalsiamu utakayoiweka baadaye, na matunda yataoza kitako. Ndivyo zilivyofanya nyanya za ndoo chache ambazo sikuzigusa. Ndoo nilizozisafisha zilitoa mizizi myeupe, minene, iliyojaa hadi chini, na siku umeme ulipokatika nusu siku nzima, pampu kimya na jua la mchana likiwaka, hakuna mche hata mmoja uliolegea. Kwa kokoto nadhani ningekuwa nimezika bustani yote. Kwa hilo nikaamua kutoa nyota tatu, na siku ile ya kukatika umeme karibu niziongeze ziwe nne.

Kisha nikakutana na bwana mmoja mwenye kitalu nyumba huko Kibaha, ambaye hununua kwa jumla kutoka duka hilohilo. Nilipomsimulia, alishangaa kwamba sikuambiwa. Yeye alipoagiza shehena yake walimpigia simu wenyewe, wakamtahadharisha kwamba mzigo ule una chumvi na auoshe vizuri kabla ya kupanda, na bei wakampunguzia. Pakiti zake ziliandikwa neno lilelile kwa herufi zilezile kubwa.

Kwa hiyo walijua. Nyota tatu nimezifuta na nimeacha moja, nayo ni ya mnazi. Ukilazimika kununua hapo, omba wakufungulie pakiti, loweka konzi moja kwenye maji safi na upime palepale kabla hujatoa pesa, wakikataa, ondoka. Mimi bado nadai tofauti ya bei niliyolipia uoshaji ambao haukufanyika, na mara ya mwisho nilipopiga simu niliambiwa meneja yuko safarini.