Senti za ngano au senti 10 za fedha?

Anayeanza kukusanya sarafu za Marekani zilizopita mikononi mwa watu hujikuta mapema kati ya mbili: senti ya Lincoln yenye masuke ya ngano mgongoni, iliyotolewa kuanzia 1909 hadi 1958, na senti 10 iitwayo Mercury, ya 1916 hadi 1945.

Kwa unafuu wa bei, senti za ngano hazina mpinzani. Lakini Mercury, hata iliyolika vibaya, hubaki na thamani ya madini yake, kwa kuwa asilimia 90 ya gramu zake 2.5 ni fedha halisi. Kwa utunzaji pia fedha hushinda, kwani huwa nyeusi tu, ilhali shaba huota kutu ya kijani penye unyevu, na senti za 1943, za chuma kilichopakwa zinki, huliwa na kutu kabisa. (Kuzisugua zing'ae ni kuziharibu, zote mbili.)

Udanganyifu uko kotekote: Mercury ya 1916 ya kiwanda cha sarafu cha Denver, iliyotengenezwa 264,000 tu, hughushiwa kwa kubandika herufi D, alama ya kiwanda hicho, hivyo ikague kwa lenzi.

Mwenye pesa kidogo na subira nyingi atafurahia senti. Anayetaka akiba inayouzika hata kwa uzito achague Mercury.