Diski ya Harusi Isiyo na Sauti: Ununue Nini Kwanza?

Mama mkubwa anayeishi Kipushi aliweka diski ya harusi ya mdogo wangu katika deki yake ya zamani, akamwona padri akifungua kinywa na kukifunga, akaiona kwaya ikiyumba kushoto na kulia, lakini hakusikia hata neno moja. Alibonyeza rimoti mpaka mstari wa sauti ukajaa upana wote wa runinga, kisha akaniuliza kwa upole kama siku hizi watu hufunga ndoa kimyakimya. Diski hiyohiyo, ambayo tulilipia ichomwe, yaani video iandikwe juu yake, katika studio moja hapa Lubumbashi, ilikuwa imelia vizuri kwenye kompyuta yangu usiku uliotangulia. Tangu hapo ninapima kila kitu kinachouzwa kwa kazi ya kutengeneza DVD za video kwa swali moja: je, kitaiandika upya sauti katika namna ambayo deki ya kawaida inaielewa?

Nilipoifungua diski ile kwenye kompyuta, sikukuta folda iitwayo VIDEO_TS, ambayo kila DVD halisi ya video huwa nayo, bali faili moja tu la video la aina ya AVI. Aliyeichoma alikuwa amenakili faili kama mtu anayetia nguo kabatini. Deki ya mama mkubwa iliweza kuifungua picha, lakini sauti ilikuwa ya aina ya AAC, mojawapo ya njia za kubana sauti, nayo deki haikuijua. Kompyuta inazo programu zinazosoma karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo si shahidi wa kutegemewa: diski ikilia kwenye kompyuta, hujathibitisha kwamba italia sebuleni kwa mtu mwingine.

DVD ya video ina masharti yake. Sauti inayokubalika ni ya aina ya AC-3, LPCM au MP2, na DTS huweza kuongezwa juu ya mojawapo ya hizo. Kipimo chake cha kawaida ni sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani sauti hupimwa mara hizo kila sekunde. AAC, ambayo ndiyo simu nyingi hurekodi, haimo. Haimo pia MP3, wala AMR ya zile video za 3GP kutoka simu za zamani, ambazo hata baadhi ya programu za kubadilisha hushindwa kuzisoma na kutoa picha bubu bila kukuonya. Tena kuna video zilizopakuliwa kutoka intaneti ambazo picha na sauti zake zilihifadhiwa katika mafaili mawili. Ukichukua la picha peke yake, hakuna mashine itakayokurudishia sauti ambayo hukuipakua.

Kabla ya kutoa hata faranga moja, hakikisha kwamba waya mwekundu na mweupe zimeshikamana vizuri nyuma ya runinga, kwa maana waya wa njano hubeba picha tu, kisha bonyeza kitufe cha AUDIO kwenye rimoti ya deki. Halafu fungua faili la asili kwa VLC, programu ya bure, na ubonyeze Ctrl na J kwa pamoja. Dirisha litakaloonekana litakutajia aina ya sauti iliyomo. Lisipotaja sauti yoyote, tatizo liko kwenye faili lenyewe, nawe huna haja ya kununua chochote bali kumrudia aliyekutumia.

Nafasi ya kwanza ninaipa programu ya bure ya DVDStyler pamoja na kichomeo cha nje, yaani kifaa cha kuandika diski, kinachounganishwa kwa USB. Hapo pesa yako inakwenda kwenye kichomeo tu, na kompyuta nyingi mpya hazina tena mahali pa kuingiza diski, kwa hiyo ungekihitaji vyovyote vile. DVDStyler huanza kwa kukuuliza ukubwa wa diski, mfumo wa picha na aina ya sauti. Chagua PAL, yaani picha 25 kwa sekunde, na AC-3. Hapo ndipo dawa ilipo, kwa sababu programu huibadilisha AAC ya simu na kujenga folda ya VIDEO_TS kwa mpigo mmoja. Mtu anayependa kuandika amri kwa mkono anaweza kutumia programu ya ffmpeg, ambayo kwa maneno "-target pal-dvd" hutengeneza faili lenye picha na sauti inayokubalika kwa DVD, ingawa kazi ya kulipanga kwenye diski hubaki yako.

Usivutwe na LPCM kwa kuwa sauti yake haijabanwa. Saa mbili za LPCM ya kawaida ya stereo, kwa kilobiti 1,536 kwa sekunde, hula takriban gigabaiti 1.38, na diski nzima ina 4.7 tu, ilhali AC-3 ya kilobiti 192 kwa muda huohuo haifiki megabaiti 175. Nafasi utakayookoa itaisaidia picha, na kwa hotuba za wazee na nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kwa simu, sikio halitaona tofauti.

Unapochagua kichomeo, tazama waya wake kabla ya kutazama rangi yake. Tundu la USB 2.0 limeahidiwa kutoa nusu ampea tu, ilhali kichomeo kinapoandika kinaweza kudai zaidi. Chenye waya wa vichwa viwili huchota umeme kwenye matundu mawili na hakizimiki katikati ya kazi. Mwambie muuzaji akiunganishe mbele yako na achome diski moja mpaka mwisho. Kwa mji wetu ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, choma kwa kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, kwa maana DVD-R, yaani diski ya kuandikwa mara moja tu, iliyokatizwa njiani haifutiki wala hairudiwi.

Nafasi ya pili ni programu za kulipia kama ConvertXtoDVD. Hufanya kazi ileile kwa vitufe vichache, nazo zinamfaa mtu anayetengeneza diski kila wiki na ambaye muda wake una bei. Kwa familia yenye harusi moja na kilio kimoja kwa mwaka, sioni sababu ya kuzinunua. Jihadhari na nakala za wizi zilizovunjwa kinga zinazouzwa kwenye flashi sokoni, maana mara nyingi huja na virusi.

Nafasi ya tatu ni studio ya mtaani, na nimeishusha hapo kwa uchungu wangu mwenyewe, ingawa kwa mtu asiye na kompyuta ndiyo njia nafuu kuliko zote. Usiseme tu "nitengenezee DVD". Sema unataka DVD ya video yenye folda ya VIDEO_TS, sauti ya AC-3, na diski iliyofungwa, yaani iliyokamilishwa uandishi wake, ili isomeke kwenye deki yoyote. Kisha lipa nusu, na nusu nyingine uitoe baada ya kuisikiliza diski kwenye deki ya kawaida, si kwenye kompyuta ya studio. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Anayekasirika amekuokolea pesa.

Nafasi ya nne ni mashine ya kurekodi DVD iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Kwa upande wa sauti ni ya kuaminika sana, kwa kuwa hurekodi kile inachokisikia bila kujali aina ya faili, lakini harusi ya saa tatu itakuchukua saa tatu kamili, na mashine zenyewe sasa ni za mitumba.

Mwisho kabisa ni tovuti zinazobadilisha video mtandaoni. Kupandisha gigabaiti tatu na kuzishusha tena kwa mega za kununua kunaweza kugharimu kuliko kazi yote iliyotajwa hapo juu, na mara nyingi unachorudishiwa ni faili lingine, si DVD.

Ikiwa deki ya unayempelekea ina tundu la USB, pengine flashi inatosha, lakini sheria ya sauti haibadiliki: picha inaweza kutokea huku AAC au DTS ikikataa. Jaribu dakika mbili za mwanzo kwanza.

Diski zenyewe nunua DVD-R za kampuni inayojulikana, chache kwanza, na uchome kwa kasi ya 4x au 8x, yaani mara nne au nane ya kasi ya msingi, hata kama pakiti inaahidi 16x, kwa sababu deki za zamani husumbuka kusoma diski zilizochomwa kwa haraka. Ya mama mkubwa niliichoma kwa 4x, ikanichukua kama robo saa. Alipoipokea hakutazama harusi kwanza. Alisogeza mbele mpaka pale yeye mwenyewe anapopiga vigelegele, akarudia mara tatu.